Ubingwa wa softiboli wa Big 12, Oklahoma City: ukipata nafasi, nenda Alhamisi

Kama hujawahi kuona softiboli ya vyuo vya Marekani, ushauri wangu ni uanze na mashindano ya ubingwa wa konferensi, yaani kundi la vyuo vinavyocheza pamoja msimu mzima, kabla ya kukimbilia Women's College World Series, ile fainali kubwa ya kitaifa. Mei 2025 nilienda na binti yangu, ambaye anacheza shuleni, kuangalia ya konferensi ya Big 12 pale Devon Park. Sisi tunakaa Dallas, kwa hiyo ni kushika barabara kuu ya I-35 tu, mwendo wa saa tatu na nusu hivi foleni zikikuhurumia. Uwanja ni uleule wa World Series, unaingiza watu kama 13,000, ila wiki ya konferensi unapata nafasi ya kupumua. Tulikaa nyuma ya mdakaji kabisa, mahali ambapo ikifika Juni, wakati wa World Series, hata bei siulizi.

Na huko kukaa karibu ndiko kunakolipa. Kwenye televisheni unaona mrushaji anazungusha mkono, basi. Ukiwa pale unasikia mkono ukigonga nyonga anapouachia mpira, halafu pa! kwenye glavu. Mpigaji yuko mita 13 tu kutoka kwa mrushaji, hana hata nusu sekunde ya kufikiri. NiJaree Canady, mrushaji wa chuo cha Texas Tech msimu huo, yule aliyetoka Stanford kwa mkataba wa zaidi ya dola milioni moja, ana mpira ambao kigongo kinaufuata kiunoni wenyewe ukiwa umeshafika kifuani. Nilikuwa nimebisha sana nyumbani kuhusu hizo pesa. Sibishi tena.

Sisi tuliocheza raundazi shule ya msingi kule Kenya hatupotei sana. Ingi, yaani zamu za kila timu kupiga, ni saba, na timu ikiongoza kwa mbio (pointi) nane baada ya ingi ya tano mchezo unakatwa hapo hapo, hakuna kuteseka. Kilichonifurahisha kuliko vyote ni kelele za benchi. Wasichana hawakai chini. Kila mpigaji ana wimbo wake, na wenzake wanauimba wakipiga makofi na kugonga uzio, mpaka mashabiki wanaukariri. Binti yangu aliziiga zote njia nzima kurudi nyumbani. Nilivumilia.

Sasa kuhusu tiketi. Mwaka 2025 timu zilikuwa 11 na ukifungwa mara moja ulifunga virago, kwa hiyo hakukuwa na mechi ya kujaza ratiba. Robo fainali zilikuwa mechi nne siku ya Alhamisi, nusu fainali mbili Ijumaa, na Jumamosi ilikuwa fainali peke yake. Mzazi anayefanya kazi atakimbilia Jumamosi, lakini akilinganisha na mafuta na hoteli ataona mechi moja ni kidogo. Tena timu nyingi huwa zimeshaondoka na mashabiki wao. Mwaka huo fainali ilikuwa Texas Tech na Arizona, na Texas Tech wakachukua kombe hilo kwa mara ya kwanza katika historia yao. Ilikuwa nzuri, sikatai. Siku hiyohiyo kule Athens, Georgia, fainali ya SEC, konferensi nyingine, ilifutwa kwa sababu ya hali ya hewa, Oklahoma na Texas A&M wakatangazwa mabingwa wote wawili. Fikiria umeendesha gari usiku kucha kwenda kuona hiyo.

Yaliyonikera: waamuzi wakienda kutazama marudio ya video mnakaa, mnakaa, jua linawachoma, na hakuna anayewaambia kinachoangaliwa. Chakula ni ghali na ni kilekile, hotidogi na nacho. Upepo wa Oklahoma nao unapeperusha kofia kama hujaifunga. Beba mafuta ya kujikinga na jua, kitu cha kukalia, na mkoba wa plastiki unaoonyesha ndani, la sivyo utarudishwa kwenye gari.

Kwa mtu mzima asiyejua mchezo huu naipa nyota nne. Kwa mtoto anayecheza ni tano, hasa ukimfikisha mapema akawaona warushaji wakipasha misuli pembeni ya uwanja. Binti yangu alisimama kwenye uzio pale muda wote, macho kwenye vidole vyao tu, akijaribu kuona wanavyoushika mpira. Soda niliyomnunulia ilipata moto mkononi mwangu.