Viwanja vya bwawani Hombolo: usafiri safi, kiwanja hapana

Kampuni siitaji jina, wapo wengi mjini wanauza hivihivi, ila kama umekutana na yale matangazo ya kiwanja unachoamka unaangalia bwawa la Hombolo, hapa Dodoma, basi ushajua nazungumzia nini.

Tusiwanyime haki yao, huduma wanaiweza. Kosta inawachukua mjini bure, maji ya kunywa mnapewa, dada wa mauzo anapokea simu hata usiku na wala hanuni, kulipa ni kidogokidogo.

Shida mkishuka. Watu wanapelekwa kiangazi kimekomaa, mtu katoka Dar anaona tambarare haina hata jiwe anachekelea, sisi wa huku tukiona udongo mweusi umepasuka mpaka mkono unaingia tunajua hiyo ni mbuga, sio ya wanyama, ni bonde la maji, mvua zikianza Disemba mpaka Aprili huko maji yanatuama. Na viwanja vya safu ya chini bikoni za mipaka zimepigwa katikati ya matete kabisa, matete jamani!! Pembeni tipa zimeshamwaga kifusi cha kujazia.

Nikamuuliza kijana anayetutembeza, mdogo wangu mita sitini mmeziacha wapi, akasema kaka hiyo ni ya ziwa na bahari. Si kweli. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, imetaja bwawa na kingo za mto pia, ndani ya mita 60 huweki shughuli ya kudumu, sasa nyumba ya tofali ni ya muda? Siku ukipigiwa X nyekundu ya bomoabomoa ukutani wao washahamia mradi mwingine.

Halafu bwawa lenyewe ni la 1957, maji linapata toka Mto Kinyasungwe Ndogo na tope limeshalipunguzia kina sana. Yale matete ndo yanakamata tope kabla halijaingia, ukiyafukia linaenda lote bwawani kwa hao perege tunaokwenda kuwala wikiendi, na maji yaliyokuwa yanatulia bondeni yatatafuta pengine pa kukaa, yaani sebuleni kwako. Na choo utachimba wapi? Masika shimo linajaa, linamwagikia kwenye maji ambayo watu wanavua.

Kinachoniudhi zaidi, hawahawa wanavyo viwanja vya juu, udongo mwekundu, bwawa unaliona vizuri tu, bei haijapishana sana, ila mpaka uulize mwenyewe ndo wanakupeleka.

Ukienda dai ramani ya mipango miji iliyopitishwa, sio ile picha ya rangirangi ya kwenye simu, pita ofisi za jiji uulize eneo limepangiwa matumizi gani, na kama una subira nenda Februari ukalione likiwa na maji yake.

Mimi advansi sijatoa. Nyota mbili kati ya tano, moja ya dereva wa Kosta na moja ya yule dada wa simu.