Dawa ya Taa za Gari: Usinunue Boksi Lisilo na Kinga ya Jua

Malalamiko yanayonifikia zaidi siku hizi si ya mikwaruzo ya bampa, ni ya taa za mbele. IST, Vitz, Passo, Raum, hadithi ni ileile: mtu kanunua dawa, kasugua Jumamosi nzima, taa zikang'aa. Baada ya muda mfupi zimerudi rangi ya chai ya maziwa. "Dada, nimeuziwa feki?" Mara nyingi hapana. Kauziwa nusu ya kazi.

Kile tunachokiita kioo cha taa ni plastiki, polikaboneti, na kiwandani hupakwa tabaka jembamba gumu la kuikinga na miale ya jua. Manjano yanakuja tabaka hilo likishaliwa na jua. Ukipiga msasa unaondoa uchafu pamoja na kinga yote iliyosalia. Plastiki inabaki uchi, na jua la Dar unalijua. Ndiyo maana sihangaiki na ipi inang'arisha haraka au ipi ina harufu nzuri. Zote zinang'arisha, hata ya mchuuzi wa kwenye foleni. Mimi nageuza boksi na kutafuta kitu kimoja: ukishamaliza kusugua, wamekupa nini cha kupaka juu?

Kabla ya kutoa hela, mwagia taa maji. Ikionekana safi ikiwa imelowa, ubovu uko nje na dawa itafaa. Ukungu ukibaki vilevile, au ukiona matone kwa ndani, weka pochi mfukoni. Hiyo ni kazi ya kufungua taa.

Namba moja ni Cerakote, na sioni haya kusema naipendelea. Ni kampuni ya Oregon, Marekani, iliyojijengea jina kwa kupaka bunduki, na kwenye boksi lao la taa hatua ya mwisho ni vitambaa vyenye kinga ya seramiki. Huhitaji mashine. Unafuta manjano, unasugua kwa maji, unakausha kabisa, unapaka kwa mwelekeo mmoja bila kurudiarudia. Fanya kivulini, gari likiwa limepoa, na usilioshe siku hiyo.

Ya pili ni Sylvania. Nayo ina kinga yake ya kupaka mwishoni, na msasa wao ni mzuri. Tatizo ni kwamba ile kinga haisamehe: ukipitisha mkono mara mbili palipoanza kukauka, michirizi inabaki pale inakutazama.

Ya tatu ni klia ya hadina, yaani rangi angavu ya juu inayochanganywa na kigumishi (hadina), ileile ya mafundi rangi, ambayo SprayMax ya Ujerumani wanaiuza ndani ya kopo la kupuliza. Kwa uimara inazizidi zote mbili nilizotaja. Nimeishusha kwa sababu ya mapafu yako. Hadina ina isosayaneti, kemikali inayodhuru mapafu ukiivuta, na barakoa ya kitambaa haizuii kitu; inatakiwa ile yenye vichujio vya kemikali. Kama huna, mpelekee fundi rangi mwenye nayo, na umsimamie apige msasa wa maji namba 800, 1000, kisha 2000 (namba ikipanda msasa unakuwa laini) kabla ya kupuliza. Wengine huruka moja kwa moja hadi 2000, na mikwaruzo inaonekana chini ya klia milele.

3M naiweka ya nne kwa shingo upande, maana kwa msasa hawana mpinzani. Lakini yapo maboksi yao yanayoishia kwenye polishi tu, na mengine yana kinga. Yanafanana. Soma. Tena ujiandae na drili.

Dawa ya meno inang'arisha kwa siku chache. Dawa ya kufukuza mbu yenye kemikali ya DEET inayeyusha uso wa plastiki, ndiyo mng'ao unaouona kwenye video za mtandaoni. Tumeziacha hapo.

Sasa wauzaji. Ukiuliza kuhusu kinga ya jua unajibiwa "hii orijino, dada," kana kwamba hilo ndilo ulilouliza. Bei inapanda ukishusha dirisha la gari badala ya kufika kwa miguu. Na lililo baya zaidi: maboksi yanapangwa mbele ya duka, juani, miezi na miezi, na vile vitambaa vya kinga vinakauka ndani ya pakiti zao, hasa pakiti ikiwa na kitundu. Unafika nyumbani, unasugua taa zote mbili hadi mabega yanauma, unafungua pakiti ya mwisho, unakuta karatasi kavu. Kwa hiyo dai kubonyeza pakiti kabla ya kulipa; kitambaa kilicholowa unakisikia kikiteleza. Muuzaji mmoja alikataa, eti naharibu boksi, wakati pembeni yake kaunta ina rundo la msasa uliochomolewa kwenye maboksi yaleyale, unauzwa kipande kimoja kimoja.