Equinox 800 ufukweni: mashine ninayo, je, nifagie nayo wapi?

Haya, watu wangu, karibuni tena. Upepo leo ni mkali, maiki ikivuma mnivumilie, sirudi nyumbani mpaka niwaonyeshe kitu hiki.

Mkononi nina Equinox 800 ya Minelab, ditekta ya kutafuta metali zilizofukiwa. Betri, skrini, uzito, hayo yote yameshasemwa na kila mtu tangu ilipotoka 2018. Siyarudii. Nimekuja kwa sababu kuna jambo linanikera. Mtu ananunua ditekta, anafika ufukweni, anaanza kufagia, yaani kupitisha koili, ile sahani ya chini, juu ya mchanga, palepale alipoegesha gari. Saa tatu nzima yuko kwenye mchanga mkavu, anaokota vizibo vya chupa. Jioni anasema mashine mbovu. Mbovu wapi, ndugu yangu? Umeipeleka pasipo na kitu!

Sisemi mchanga mkavu hauna kitu. Pale watu wanapotandika mataulo, chini ya ngazi za kushukia, kando ya wavu wa voliboli, sarafu zipo. Lakini kila mwenye ditekta ameshapita hapo kabla yako. Mimi naenda kule wengi wanakokuogopa. Twendeni chini.

Hapa sasa ni mchanga uliolowa maji ya chumvi. Angalieni. Naiweka kwenye Park, mpangilio wa bustanini, masafa ya mawimbi (frequency) moja tu, kilohezi 15. Nafagia... mnasikia? Inapayuka. Hakuna chuma hapa, ni chumvi. Maji ya chumvi yanapitisha umeme, kwa hiyo koili inaona kama ufuko mzima ni kipande kimoja cha metali. Naugusa mchanga, inalia. Nainua koili, inalia. Ukiendelea hivi nusu saa utaitupa baharini.

Sasa nabonyeza, naingia Beach 1, mpangilio wa ufukweni. Hii inatumia masafa mengi kwa pamoja, haikupi hata nafasi ya kuchagua moja. Naipandisha na kuishusha koili kama pampu, mashine iizoee ardhi ya hapa. Tulieni. Nafagia... Kimya. Ngoja nirudie, maana hapa ndipo pesa yangu ilipokwenda. Park: kelele. Beach: kimya. Natupa pete hii ya majaribio, naifunika kwa mchanga... safi kabisa! Naweza kurudia hivi mpaka kesho.

Ila tusidanganyane. Ukimya huo una bei. Mkufu mwembamba wa dhahabu unasomeka karibu sana na chumvi, na mashine ikinyamazisha chumvi inaweza kuunyamazisha na mkufu. Beach 2, ile ya kwenye mawimbi, inapunguza na nguvu ya ishara inayorushwa ardhini. Wale wa mashine za mapigo, aina nyingine ya ditekta inayoitwa pulse induction, najua mnacheka. Zenu zinakwenda chini zaidi, sawa, lakini mtachimba kila pini ya nywele na kila msumari. Na msianze habari za ditekta ya Deus II, najua unaweza kuizamisha majini mpaka mita 20 na hii mita 3 tu. Mimi siogelei huko.

Turudi kwenye mahali. Dhahabu safi ni nzito mara saba hivi kuliko punje za mchanga kwa ujazo uleule. Bahari inapepeta. Vyepesi vinasombwa, vizito vinashuka mpaka vikutane na tabaka gumu. Kwa hiyo sitafuti pete, natafuta mahali bahari ilipoweka vizito. Angalieni mteremko ule: unashuka, halafu pana kama mfereji unaokwenda sambamba na maji, halafu fungu linainuka. Ule mfereji ndio nautaka. Na kama dhoruba imekata ukingo wa mchanga ukabaki kama ukuta, acha kila kitu, fagia chini ya ukuta.

Dalili yangu kubwa ni chubwi, kile kizito cha kuzamishia mshipi. Ukiokota chubwi la mvuvi, halafu lingine, halafu sarafu nzito, simama hapohapo, fagia polepole kwa kufuata mstari huo. Ukiokota vipande vya kopo na karatasi za foili tu, umesimama kwenye vyepesi. Hama.

Muda nao: maji ya bamvua, siku moja mbili baada ya mwezi mpya au mwezi mpevu, ndipo yanapopwa mbali zaidi. Naingia saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa, nafuatana nayo. Na ulizeni kwanza kama ufuko huo unaruhusiwa.

Mnakumbuka kisa cha Bell, yule wa simu? Mwaka 1881 Rais Garfield wa Marekani alipigwa risasi, Bell akaletwa na mashine yake ya kutambua metali, aitafute risasi mwilini. Wanasema springi za kitanda zilimchanganya, na ni kweli, lakini pia daktari alimwacha apime upande wa kulia tu. Risasi ilikuwa kushoto! Nikiona mtu anafagia maegesho ya gari, namkumbuka Bell.

Bei? Ndugu zake wapya, Equinox 700 na 900, wameshatoka, kwa hiyo 800 iliyotumika tafuteni kwa mtu, msikimbilie mpya. Ikagueni vizuri kabla ya kulipa. Na baada ya kila safari, ioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Video ijayo ni ya kichoteo cha mchanga, nimevunja cha tatu, jisajilini muone aibu yangu.

Ngoja, ngoja. Namba 12 kwenye skrini, ndiyo inayokisia aina ya metali, na inajirudia kutoka pande zote mbili. Inaweza kuwa pete, inaweza kuwa kijipete cha kufungulia kopo, skrini haiwezi kunitenganishia. Nachota... bado iko chini... nachota tena. Chubwi! La pili leo, hatua tano kutoka lile la kwanza. Nazima kamera, maji yanarudi na mimi ndiyo kwanza nimeupata mstari.