Vitabu vya jalada laini msimu huu: vitatu nilivyomaliza na kimoja nilichokiacha

Mimi ni mtu wa kusubiri jalada laini. Kitabu kikitoka na jalada gumu nakiacha kwanza, maana baada ya mwaka hivi mara nyingi hurudi kikiwa chepesi, bei imeshuka na kelele za matangazo zimetulia. Vyote hivi nimevisoma kwa Kiingereza.

Kilichonishika zaidi ni James cha Percival Everett, kilichopata Tuzo ya Pulitzer mwaka 2025. Ni kisa kile cha Huckleberry Finn, riwaya ya zamani ya Mmarekani Mark Twain, ila safari hii msimulizi ni Jim, mtumwa mtoro. Mapema kabisa anawafundisha watoto namna ya kuongea mbele ya Wazungu: waboronge lugha makusudi, wajifanye wazito wa kuelewa, ili mabwana wajione wajanja. Nilicheka, kisha nikajiuliza nacheka nini. Halafu kuna penseli inayoibwa ili Jim apate kitu cha kuandikia. Sisemi zaidi, ila gharama ya penseli ile ilinifanya nifunge kitabu nikanywe maji kwanza. Sura ni fupi fupi, zinakwenda mbio. Pengine mno kule mwishoni, ambako ningependa mwandishi apunguze mwendo.

Orbital cha Samantha Harvey, mshindi wa Booker 2024, tuzo ya riwaya za Kiingereza, kina kurasa 136 tu, lakini usidhani utakimaliza kwa mkao mmoja. Wanaanga sita, siku moja, dunia inazungukwa mara 16. Kimbunga kinajikusanya Pasifiki, na Chie, Mjapani, amepata habari kwamba mama yake amefariki naye yuko huko juu, hawezi kushuka kuzika. Basi, ni hivyo tu. Anayetaka mikasa atasinzia. Mimi nilikisoma usiku, kidogo kidogo, na kilinifaa.

Heart Lamp cha Banu Mushtaq kina hadithi fupi 12, zimetafsiriwa na Deepa Bhasthi kutoka Kikannada, lugha ya kusini mwa India, na kilishinda International Booker, tuzo ya vitabu vilivyotafsiriwa kwa Kiingereza, mwaka 2025. Usizisome mfululizo, waume wabaya wataanza kufanana. Anza na "Red Lungi": mama kachoshwa na kundi la watoto wa likizo, akaona dawa ni wavulana watahiriwe, angalau walazwe kitandani!

Cha nne ni riwaya nene ya kijasusi, jina naliweka kando. Hadithi haikuwa mbaya, ila gundi iliachia kabla sijafika nusu, na maneno yalizama kwenye mkunjo hadi nikawa nakipanua kwa mikono miwili. Nikakiacha. Kwa hiyo kitabu kinene nakifungua katikati kabla ya kulipa, naangalia pambizo ya ndani na ukubwa wa herufi. Kikigoma kufunguka vizuri pale dukani, nakirudisha rafuni.