Mwezi wa masika na mbio za kusoma: uzoefu wangu

Kwa anayetaka jibu la haraka: mbio za kusoma nazipa nyota nne kati ya tano. Kadi ya bingo inayokwenda nazo naipa mbili na nusu. Programu ya simu ya kuhesabia kurasa nimeshaifuta, na nitaeleza kwa nini.

Mimi ni mwalimu wa skuli, nakaa Kikwajuni, mjini Unguja, na kusoma ndiyo starehe yangu tangu utotoni. Aprili tulikuwa likizo. Masika yameshika, mvua kutwa kucha, nguo hazikauki na barazani hakukaliki. Nikasema huu ndio mwezi wenyewe. Mwalimu mwenzangu alishanipa habari za mbio hizi, ambazo wasomaji wa nchi mbalimbali huzifanya pamoja kupitia intaneti. Unajiandikisha bure, unapewa kadi yenye vyumba 25, vitano kwa vitano, na kila chumba kina sharti lake la kitabu. Ukijaza vyumba vitano vya mstari mmoja umepata bingo. Mwisho wa mwezi zinakuja saa 24 za kusoma mfululizo, kila mtu akiwa kwake.

Mstari niliouchagua ulikuwa na masharti haya: kitabu chenye maua kwenye jalada, kitabu kilichotolewa filamu, kitabu ambacho visa vyake vimetokea mahali unapopajua, kitabu kilichotafsiriwa, na kitabu cha upelelezi.

La maua nililimaliza kwa jioni moja, kabla ya Isha. Kilikuwa kijitabu chembamba cha Kiingereza, mawaridi tele kwenye jalada. Leo ukiniuliza kilihusu nini nitakutajia majina mawili ya watu, basi. Nilikichukua kwa wembamba wake, kwa sababu simu ilikuwa inanihesabia, na nilitaka ule mstari wa kijani usogee mbele. Nalijutia hilo mpaka sasa. Jioni nzima ya mvua, nyumba kimya, chai ya mchaichai mezani, nikaitoa kwa kitabu nisichokitaka.

Sharti la filamu lilinirudisha kwenye Vuta N'kuvute ya Adam Shafi. Filamu yake, ya Amil Shivji, ilitoka 2021 na nilishaiona, kwa hivyo nilidhani kitabu nitakipitia tu. Haikuwa hivyo. Filamu ni nzuri, lakini kitabuni Mwajuma ana nafasi ya kutosha, na kwangu mimi Mwajuma ndiye roho ya kitabu. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mume mzee, anamkimbia mumewe, jamaa zake wanamfungia mlango, na anayempokea ni huyu mwanamke wa Ng'ambo, upande wa pili wa mji, asiyekuwa na kitu. Ukiwa unaishi Kikwajuni unakisoma kitabu hiki kwa miguu. Siku moja mvua ilipokata nilitembea mpaka Darajani, pale palipokuwa na daraja la kuvukia mkono wa bahari ulioutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Bahari imeshafukiwa, pamebaki jina, soko na daladala. Nilisimama pale nikafikiria ule umbali aliouvuka Yasmin. Kwa hatua ni mdogo mno. Kitabu kizima kimesimama juu yake.

La mahali ninapopajua nilichagua Kuli, ya mwandishi huyo huyo, iliyochapishwa 1979. Hapa nilipata mkwamo. Nakala niliyoazima kwenye maktaba moja ya hapa mjini ilikuwa imechanika, kurasa 12 za katikati hazipo, na hakuna aliyeniambia wakati naichukua. Siku nne nimekaa nimening'inia. Mwisho nikapewa nakala na mama mmoja wa mtaani ambaye alikisoma skuli na akakitunza, kimefunikwa gazeti, kimeandikwa penseli pembeni. Nakala ile ya kukopeshwa ikawa bora kuliko mpya, maana nilikuwa nasoma pamoja na msichana wa miaka ile aliyepigia mstari kila mahali Rashidi, kijana anayesimuliwa kitabuni, anapoanza kufumbuka macho.

Kuli kinaishia kwenye mgomo wa wafanyakazi wa bandarini wa 1948. Babu yangu mzaa baba alikuwa hamali bandarini Malindi, hapa hapa Unguja. Alikuwa na bega moja limeshuka kuliko jengine, na sisi wajukuu tulidhani alizaliwa hivyo. Nilipofika pale Rashidi anapoingia kwenye kazi ile ile aliyoifanya baba yake, na mzigo unavyoelezwa ulivyo, nilikifunga kitabu nikampigia simu baba. Nikamuuliza babu alikuwa anachukua nini. Akanambia, "Magunia ya karafuu, mwanangu. Na mbata. Na mchele ukija." Tukazungumza saa nzima. Sijawahi kuzungumza na baba saa nzima juu ya babu. Kwa simu hiyo peke yake nashukuru kwamba niliingia mbio hizi, kwani kitabu chenyewe kilikuwepo miaka yote na mimi nilikuwa nakipita.

Sasa programu. Nilipotaka kukiandikisha Kuli, simu haikukijua. Niliipiga picha alama ya nyuma ya kitabu, wapi. Nikaandika jina, ikaniletea vitabu vyengine kabisa. Nikajaza kila kitu kwa mkono: jina, mwandishi, mwaka, kurasa. Vuta N'kuvute pia vivyo hivyo. Halafu katikati ya mwezi ikanichorea duara la rangi kuonyesha lugha nilizosoma, na Kiswahili changu chote kimewekwa kwenye kipande cha kijivu kilichoandikwa "lugha nyengine". Jambo hili liliniuma. Vitabu hivi vimesomeshwa skuli miaka mingi. Niliwaandikia wenye programu, wakajibu kwa adabu kwamba wamepokea maoni. Mpaka leo hakuna kilichobadilika.

Na bado haikuwa sababu ya kuifuta. Niliifuta kwa ajili ya Peponi.

Peponi ni tafsiri ya Paradise ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa hapa Unguja, yule aliyepata Nobeli ya Fasihi Oktoba 2021. Kiingereza chake kilitoka 1994. Kiswahili, kilichotafsiriwa na Ida Hadjivayanis, kikatoka 2022, na Mkuki na Nyota ndio waliochapisha. Miaka 28 imepita kabla hadithi hii haijasomeka kwa lugha ambayo watu wake wangeizungumza. Bei yake ni ya kufikiria mara mbili kwa mshahara wa mwalimu, kwa hivyo tulichanga walimu watatu, na tunakizungusha.

Kwa Kiingereza nilikisoma chuoni. Nakumbuka nilivyokuwa nasoma huku natafsiri kichwani, kila mazungumzo nayarudisha kwetu kwanza ndipo niyasikie. Safari hii kazi hiyo ilishafanywa, tena na mtu anayeijua sauti ya kwetu, na nikabaki na hadithi yenyewe. Yusuf ana miaka 12. Anachukuliwa na mtu anayemwita ami, anapandishwa gari moshi akidhani anakwenda kutembea, kumbe baba yake ana deni na yeye ndiye rehani. Khalil, kijana anayemkuta huko, ndiye anayemfungua macho: huyu si ami yako, mwite Seyyid, yaani bwana. Neno "rehani" kwetu ni la bangili na nyumba. Wanawake wengi nawajua walioweka bangili rehani wakati wa shida. Kulisikia juu ya mtoto, nililazimika kusimama. Baadaye msafara ukiingia bara nikawa nasoma kurasa tano kwa siku, siku nyengine tatu, narudi nyuma, nasoma tena.

Kila usiku simu ikilia: umebaki nyuma, ongeza kasi, soma kurasa 40 leo ufikie lengo. Usiku wa saba nilikuwa kwenye ukurasa wa huzuni kubwa, simu ikalia tena, na nikajikuta naruka aya ili nifike mbele. Nikaiona nafsi yangu inavyofanya. Nikaifuta programu pale pale, nikarudi kwenye ile aya. Kitabu kilinichukua siku tisa, na natamani zingekuwa zaidi.

Sharti la upelelezi nililiweka kwa ajili ya saa 24, na saa hizo nilizifanyia Pemba. Nilipanda boti mpaka Mkoani, kisha daladala hadi Wete kwa bibi yangu mzaa mama, mvua imetufuata njia nzima. Utaratibu wa saa 24 aliuanzisha mwandishi mmoja wa blogu aliyejulikana kwa jina la Dewey, mwaka 2007. Yeye mwenyewe alifariki mwaka uliofuata, wengine wakauendeleza. Uzuri wake ni kwamba dunia nzima inaanza kwa pamoja. Wengine kwao ni alfajiri, wengine usiku wa manane, na kwetu inaangukia saa tisa za mchana, Jumamosi mpaka Jumapili saa ile ile. Ni wakati mzuri, unasoma kidogo, unasali Alasiri, unaendelea.

Nilijipanga chumbani na mto, taa ya chaji na Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammad Said Abdulla. Haikufika saa kumi na moja bibi akasimama mlangoni.

"Mwanangu, unasoma peke yako kama mtu anayekula kwa kujificha?"

"Bibi, ni mashindano haya."

"Basi shindana hapa ukumbini, na sisi tusikie."

Bibi ana mtoto wa jicho macho yote mawili, hasomi tena. Nikatoka. Likatandikwa jamvi la kuanikia karafuu, maana msimu haujafika na lilikuwa limekunjwa ukutani bila kazi, na nikaanza upya kutoka ukurasa wa kwanza, kwa sauti. Baada ya Magharibi jirani akaja na watoto wake watatu. Baada ya Isha wakaongezeka. Umeme ukakatika, taa ya chaji ikawekwa juu ya kigoda, na hakuna aliyeondoka. Mihogo ya kuchemsha ililiwa kwa chai huku maiti imeshakutwa mzimuni na Bwana Msa, mpelelezi wa kitabu, amewasha kiko chake.

Watoto hawakujua kiko ni nini. Nilitaka kueleza, bibi akaniwahi, akaonyesha kwa mikono namna inavyojazwa tumbaku na inavyoshikwa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa usiku kucha. Kila neno nililolipita mbio alinisimamisha, na aliyajua kuliko kamusi ya BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, niliyoibeba mkobani na sikuifungua. Kitabu hiki kilishinda shindano la uandishi mwishoni mwa miaka ya 1950 na kilichapishwa 1960, kwa hivyo Kiswahili chake ni cha ujana wa bibi. Nilikuwa nimekisoma mara mbili kimya kimya na nilidhani nakijua. Kwa sauti nikasikia vituo vyake, namna sentensi inavyokaa kama mtu anayezungumza barazani, na Najum, mwenzake Bwana Msa, anavyouliza yale maswali ambayo kila mtu pale ukumbini alitaka kuyauliza.

Bibi alimshuku mtu mmoja tangu mwanzo na hakubadilika. Jirani alimshuku mwengine. Waliteta mpaka saa sita. Kama bibi alipatia au alikosa sisemi, kwa ajili ya ambaye hajakisoma. Tulilala saa saba, tukaamka Alfajiri, tukaendelea, na saa nne asubuhi kikaisha.

Kwa hesabu ya mbio zenyewe nilifanya vibaya: kitabu kimoja kwa saa 24, na waliobaki walikuwa wanatangaza vitatu, vinne. Sijali hata kidogo. Ukitaka kujaribu, nakushauri usilipie chochote, usiweke programu ya kukuhesabia, na kadi ya bingo uichukue kama ukumbusho tu wa vitabu ulivyovisahau. Masharti yake mengine hayatufai, kama kile chumba cha "kitabu cha kusoma theluji ikianguka". Nakala za riwaya zetu za zamani zitafute mapema, waulize walimu na waliosoma skuli miaka ya nyuma kabla ya kwenda dukani. Na ukiazima, zihesabu kurasa hapo hapo. Saa 24 zifanye nyumbani kwa mtu mzima, msome kwa sauti. Nyota ya tano nimeinyima kwa sababu hakuna popote walipoandika kwamba kusoma kwa sauti nako kunahesabika.

Jumapili jioni, nikifunga mkoba, bibi aliniuliza kama huyu Bwana Msa ana kisa chengine. Nikamwambia kipo, kinaitwa Kisima cha Giningi. Akanyamaza. Giningi kwa Wapemba ni habari ya wachawi, watu wa umri wake hawaitaji ovyo.

"Hicho usikisome usiku," akasema. "Njoo nacho, tutakisoma asubuhi, mlango uko wazi."

Nimeshakipata, kwa yule yule mama wa mtaani. Boti nimekata ya Ijumaa.