Wakala aliyenipeleka kufundisha Chengdu: karatasi safi, mkataba kimeo

Nyota tatu kati ya tano, na zote tatu ni za yule dada wa kitengo cha viza. Hawa ni mawakala wanaotafutia walimu wa kigeni kazi kwenye shule za China, wako kibao, na hawa wangu siwataji jina kwa sababu sina hamu ya kesi. Ila nitaeleza huduma yao ilivyo mwanzo mpaka mwisho maana ukishamjua mmoja umewajua karibu wote.

Kwanza elewa hela yao inatoka wapi. Wewe humlipi wakala, shule ndiyo inamlipa ukishasaini na kuanza kazi, kwa hiyo akikuita "rafiki yangu" na kukutumia vile vikatuni vya WeChat (ndiyo WhatsApp ya Wachina) ujue mteja wake si wewe, mteja ni shule. Hilo halimfanyi kuwa mtu mbaya, ni biashara tu, ila linakueleza kwa nini kabla hujasaini anajibu meseji saa tano usiku na ukishasaini anaanza kuwa "kwenye kikao". Na wakala akikudai wewe ada ya usajili au sijui ya kuharakisha faili, achana naye hapo hapo.

Sasa karatasi. Hapa kiukweli walifanya kazi. Kibali cha kazi kinataka shahada, uzoefu wa miaka 2 baada ya kumaliza chuo (mwalimu wa lugha mwenye cheti cha ualimu au shahada ya elimu anaweza kusamehewa), na cheti cha polisi kwamba huna kesi, na shahada na hicho cheti cha polisi haviendi hivi hivi, lazima vithibitishwe. Kama nchi yako imo kwenye mkataba wa Apostille, ule wa nchi kutambuliana nyaraka, mambo ni mepesi, China ilianza kuutumia tarehe 7 Novemba 2023, muhuri mmoja na umemaliza. Kama haimo ni njia ndefu, wizara ya mambo ya nje halafu ubalozi wa China, na kila dirisha na ada yake. Yule dada aliomba picha za kila kitu kabla sijapeleka popote, akazikuza, akaniambia shahada yako ina majina mawili na pasipoti ina matatu, leta kiapo cha majina kabisa kabla hawajakurudisha. Wabongo na Wakenya mnajua hii kitu inavyotutesa, jina la babu liko huku na kule halipo. Ingegundulika mwishoni ningeanza upya foleni zote.

Halafu alikataa katakata habari ya kuingia kwa viza nyingine. Kuna mawakala wanakwambia njoo na viza ya biashara au ya kutembea, utabadilishia huku huku, kila mtu anafanya hivyo. Sheria iko wazi, ukikamatwa unafanya kazi bila kibali faini ni yuan 5,000 mpaka 20,000, na kesi ikiwa nzito unawekwa ndani siku 5 mpaka 15, na wa kulala ndani ni wewe, wakala atakuwa kwenye kikao. Njia halali ni barua ya kibali cha kazi kwanza, ndiyo viza ya Z, yaani ya kazi, ukifika unajiandikisha polisi ndani ya saa 24, na ndani ya siku 30 unaomba kibali cha ukaazi. Mawakala walinisindikiza mpaka polisi, na hospitali ya vipimo pia. Pale unapewa fomu moja unazunguka nayo vyumba, damu huku, eksirei kule, moyo, macho, kila chumba wanagonga muhuri wao na kukusukumia kwa anayefuata bila salamu, ukitoka umeshapimwa mpaka na usivyovijua.

Kwa hiyo nyota tatu wamezipata kihalali. Tuje kwenye mbili walizopoteza.

Tangazo la kazi lilisema saa 20 za kufundisha kwa wiki. Mkataba wa Kiingereza nao ukasema saa 20. Mkataba una nakala mbili, na chini kabisa kuna mstari unaosema nakala hizi zikitofautiana ya Kichina ndiyo inafuatwa, na hiyo ya Kichina ilisema vipindi 20 PAMOJA na kukaa ofisini kuanzia asubuhi mpaka jioni kila siku ya kazi. Nilipomuuliza wakala akasema ndiyo utaratibu wa shule nyingi. Sawa, utaratibu ni utaratibu, lakini si ungeniandikia kwenye tangazo? Kukaa ofisini maana yake unamaliza vipindi vyako saa tano asubuhi halafu unaangalia ukuta mpaka saa kumi na moja, na ukitoka kununua kahawa kuna mtu anauliza umeenda wapi. Ukipewa mkataba, ile nakala ya Kichina mpe mtu aisome ambaye hana anachopata wewe ukisaini.

Na likizo. Hakuna wakala atakayekueleza habari ya tiaoxiu, yaani serikali inatangaza sikukuu ndefu halafu baadhi ya siku mnazifidia Jumamosi au Jumapili. Unafika Oktoba umefurahi, wiki nzima ya Sikukuu ya Taifa, kumbe Jumapili moja mko darasani na watoto wamenuna na wewe umenuna. Siku hizo hazilipwi zaidi.

Kitu kingine walichozunguka zunguka ni suala la pasipoti zetu. Kanuni zinataka mwalimu wa lugha atoke nchi ambako hiyo lugha ni lugha mama, na kwa Kiingereza orodha inayotumika ni ile ile, Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland, Afrika Kusini. Sisi tuliosoma kwa Kiingereza tangu sekondari hatumo. Upenyo wetu ni masomo mengine, hisabati, fizikia, kompyuta, kwenye shule binafsi zinazofundisha kwa Kiingereza, na shahada iendane na somo. Mimi nimeingia kwa fizikia. Wakala alilijua hili tangu siku ya kwanza lakini bado alinipeleka kwenye usaili wa shule mbili za chekechea zilizotaka mwalimu wa Kiingereza, nadhani kujaza idadi tu, na zote mbili ziliomba picha kabla ya CV. Mwenye akili ameshaelewa picha ni ya nini. Mtu mweusi ukiambiwa "shule imepata mtu mwingine" dakika kumi baada ya kutuma picha usijiulize umekosea nini kwenye CV.

Pia wanapenda kukusifia vituo vya masomo ya ziada, mshahara mnono. Uliza kituo kinafundisha nini hasa na leseni yake ni ya nini. Julai 2021 serikali ilipiga marufuku biashara ya tuisheni ya masomo ya shule kwa watoto wa elimu ya lazima, na wikiendi na likizo ndiyo kabisa, vituo vingi vikafungwa na kuna walimu waliamka hawana kazi wala mtu wa kupokea simu. Vilivyobaki vingine vimejiita vya sanaa au maigizo. Mimi nilishikilia shule ya kawaida na sijutii.

Maana kazi yenyewe, tukiachana na ukuta wa ofisini, ni nzuri jamani. Darasa lina watoto zaidi ya arobaini, kuna muda wa mazoezi ya macho, spika inapiga muziki na sauti ya mama mmoja inahesabu, darasa zima linafumba macho na kujisugua kuzunguka macho kwa vidole, na yule mtundu wa nyuma anafumbua jicho moja kuangalia kama namwona. Baada ya chakula cha mchana wanalala, vichwa juu ya madawati, taa zinazimwa, na mwalimu mgeni akipita na viatu vya kugonga anaangaliwa vibaya. Tarehe 10 Septemba ni Siku ya Walimu, meza yangu ilijaa kadi, moja imechorwa mimi nikiwa na nywele ndefu ambazo sina.

Na Chengdu ni mji wa kukaa. Metro nauli inaanzia yuan 2, laini ya 7 inazunguka mji kama mkanda kwa hiyo hata ukipotea unarudi ulikotoka, na mji jirani wa Chongqing ni kama saa moja na nusu kwa treni ya mwendokasi, tiketi unakata kwenye simu kwa pasipoti. Hela taslimu sahau, kila kitu unalipa kwa simu, Alipay na WeChat, na siku hizi kadi ya benki ya nje inaunganishwa, malipo yakizidi yuan 200 wanakata asilimia 3 kwa hiyo fungua akaunti ya benki ya huku mapema. Chakula kina pilipili, hiyo utazoea, ila kuna huajiao, punje ndogo zinazotia ganzi mdomo mzima, siku ya kwanza nilidhani nimepata mzio. WhatsApp na Google havifunguki bila VPN, ile programu ya kuruka vizuizi vya intaneti, pakua kabla hujapanda ndege. Na baridi! Chengdu iko kusini ya ule mstari wa China wa kupasha joto majumbani, hakuna mabomba ya moto ya serikali, Januari ndani ya nyumba unavaa koti. Wakala aliniambia hali ya hewa ya Chengdu ni "ya kupendeza".

Nyumba waliitafuta wao, na hapo ndipo walipopoteza nyota ya pili sawasawa. Kodi unalipa miezi mitatu kwa mkupuo na dipoziti ya mwezi mmoja juu yake, huo ndio mtindo wa huko, lakini hawakunionya na mshahara wa kwanza ulikuwa bado sijauona. Fika na akiba.

Nilipotaka kuhama shule ndiyo wakala akapotea kabisa. Kuhamia kwa mwajiri mwingine unahitaji barua ya kuachiliwa na cheti cha kufutwa kibali cha kazi, bila hivyo shule mpya haiwezi kukuhamisha, na shule yangu ikasema kwanza lipa fidia ya kuvunja mkataba. Sheria ya mikataba ya kazi, kifungu cha 37, inakuruhusu kuondoka kwa notisi ya maandishi ya siku 30, kifungu cha 50 kinamtaka mwajiri akupe cheti cha kumaliza mkataba, na kesi ya usuluhishi wa kazi hailipiwi. Nilimtumia wakala hivyo vifungu, kimya. Nikavituma kwa mtu wa utumishi wa shule, kwa Kichina, nikaongeza kwamba kesho napiga 12333, namba ya idara ya kazi. Barua ikapatikana na fidia haikutajwa tena.

Kwa hiyo kama una shahada ya sayansi na unataka mtu wa kukusafishia faili la viza, mawakala kama hawa watumie, ila omba mtu wa viza kama yule dada. Mkataba na nyumba tafuta mtu mwingine. Dipoziti yangu bado sijarudishiwa, mwenye nyumba anasema mlango wa friji una mkwaruzo, na mkwaruzo huo uko kwenye video niliyochukua siku naingia na yeye mwenyewe anaonekana amesimama pembeni yake.