Mwezi Mmoja Sri Lanka: Je, Kinastahili Nauli Yako?

Asalaam aleikum na habari zenu, karibuni tena tupime bidhaa. Leo mezani hakuna simu wala blenda. Bidhaa ya leo ni kisiwa. Nimekaa Sri Lanka siku 29, si 30, kwa sababu kibali nilichoombea mtandaoni kilikuwa cha siku 30 na mimi ni mwoga wa watu wa uhamiaji. Kila kitu nimelipa kwa hela yangu. Hakuna aliyenidhamini. Ningetamani, lakini hakuna.

Nianze na kosa langu, maana limenila siku kumi za mwanzo. Niliposikia "kisiwa" nikawaza Unguja: asubuhi uko Nungwi, jioni unakula pweza Kizimkazi. Jamani, Sri Lanka ina kilomita za mraba zaidi ya 65,000. Unguja zinaingia humo karibu arobaini. Mimi nikapanga safari kama mtu anayefukuzwa: Sigiriya, Kandy, Nuwara Eliya, Ella, kila mahali usiku mmoja au miwili, begi mgongoni, nguo hazikauki. Siku ya tisa nilikaa kitandani nikajiuliza hivi nimekuja kutembea au kufanya mtihani.

Sigiriya tuimalize haraka. Ni jiwe lililosimama peke yake, karibu mita 200 kwenda juu, na mfalme Kashyapa alijenga kasri huko kileleni katika karne ya 5. Nilipokwenda, mgeni alilipa dola 30 kwenda juu, halafu unapanda ngazi kama 1,200. Zuri, silipingi. Lakini ukiwa juu ya Sigiriya, Sigiriya yenyewe huioni! Jirani kuna jiwe jingine, Pidurangala, kiingilio chake kidogo sana. Panda hilo alfajiri, ukae, ulitazame lile la mfalme likiwaka jua. Hela iliyobaki kanywe madafu.

Treni sasa. Hapa sitaharakisha. Kutoka Kandy kwenda Ella ni kama saa saba, na viti vya kuwekesha huwa vimeshakwisha siku nyingi kabla. Nilikata tiketi ya daraja la tatu, nikasimama mpaka stesheni ya Nanu Oya, kwa takriban saa nne, mkono mmoja kwenye bomba, mwingine umeshika begi. Na nilifurahi. Reli inapanda taratibu, hewa inabadilika, mara unaona chai kila upande, kijani mpaka macho yanachoka. Mimi mtu wa Tanga, nikakumbuka milima ya chai ya Amani kwetu moja kwa moja. Zamani milima hiyo ilikuwa ya kahawa. Ukaingia ugonjwa wa kutu ya majani, kuanzia 1869, ukaimaliza, na walowezi wa Kiingereza wakahamia kwenye chai, ambayo Mskochi mmoja, James Taylor, alikuwa ameshaianza 1867 karibu na Kandy. Wachumaji walitolewa kusini mwa India, na ndio maana huko milimani unasikia Kitamil zaidi ya Kisinhala. Ukiona akina mama wana vikapu mgongoni, usikimbilie kupiga picha kama uko mbugani. Salimia kwanza.

Ndani ya treni wanapita wauza wade. Wade ni ndugu wa bajia zetu za dengu, nyingine imebandikwa kamba mzima juu. Yangu ilifungwa kwenye karatasi la daftari la mtoto wa shule, hesabu za kugawanya, na jibu la tatu lilikuwa limekosewa. Nilicheka peke yangu mpaka mzee wa pembeni akanisogea.

Baada ya Ella nikasema basi. Nikashuka pwani ya kusini, mji unaitwa Weligama, nikapanga chumba kwa mwenyeji mmoja mama wa makamo, siku 19. Kila mtu alimwita Akka, yaani dada mkubwa, na mimi nikamwita hivyo hivyo. Hapo ndipo mwezi wangu ulipoanza kuwa na thamani.

Jikoni kwa Akka nilikuta mbuzi. Siyo wa maziwa, mbuzi ya kukunia nazi! Kigoda cha mbao, chuma chenye meno mbele, unakaa unakuna. Wao wanaiita hiramanaya. Nilipoikalia bila kufundishwa, Akka aliita majirani waje kuona. Kila siku nazi: nazi kwenye dengu, nazi kwenye samaki, nazi kwenye fenesi bichi linalopikwa mchuzi wanaouita polos. Sisi fenesi tunasubiri liive tule tunda, kumbe tunatupa mboga. Kuna na pol sambol: nazi iliyokunwa, pilipili, kitunguu, ndimu, na samaki mkavu mgumu kama kijiti anayepondwapondwa. Asubuhi unakula na appa, unga wa mchele na tui uliolazwa ukachacha, kama rojo la vitumbua, ila unamwagwa kwenye kikaangio cha duara ukatoka kama bakuli. Weka yai katikati. Ila pilipili yao, ndugu zangu, mtu wa pwani nilidhani najua pilipili. Ukisema "kidogo" wanaelewa kidogo cha kwao.

Asubuhi hiyo hiyo bajaji inapita mtaani ikiuza mikate, inapiga muziki wa Beethoven kwa sauti ya king'ora. Bajaji ni zilezile za Dar, na magari yanakwenda kushoto kama kwetu, kwa hiyo kuvuka barabara hakunisumbua. Bei ndiyo inayosumbua: dereva akiona begi anataja mara tatu. Tumia PickMe, programu ya simu ya kuita bajaji, au uliza bei kwa mwenye duka kwanza.

Ufukweni wana mtumbwi unaoitwa oruwa, mwembamba, una tengo, ule mti wa pembeni wa kuzuia usipinduke, upande mmoja tu. Ngalawa yetu ina matengo mawili. Mvuvi mmoja nilimwonyesha ngalawa kwenye simu, akaitazama, akasema kwa ishara kwamba ya kwetu ni ya waoga. Nimemsamehe. Wale wavuvi wanaokaa juu ya vijiti baharini, wa kwenye picha, pale Koggala wengi sasa wanakaa kwa ajili ya kamera, na ukipiga unalipa. Si vibaya, mradi ujue unalipia nini.

Bahari ni hii hii yetu. Tarehe 26 Desemba 2004 tsunami iliipiga treni pale Peraliya, karibu na Hikkaduwa, wakafa watu zaidi ya 1,000 ndani na kando yake. Hata Dar es Salaam walikufa watu siku ile. Treni ya pwani bado inapita hapo, na siku niliyopita mimi mazungumzo yalipungua kidogo.

Kasoro? Zipo. Basi linakimbia hadi unasoma dua zote unazozijua, na mwanamke akiwa peke yake akae karibu na dereva, nisizunguke. Siku ya mwezi mpevu, wanaiita poya, ni sikukuu: pombe haiuzwi, bucha zimefungwa, kwa hiyo panga chakula. Hekaluni unavua viatu, na mawe ya saa saba mchana ni kama kikaango. Usijipige picha ukiipa mgongo sanamu ya Buddha. Ni kosa kweli, siyo ushamba wa mwenyeji. Na msimu: mimi nilikwenda Februari, kusini kukavu. Ukienda Juni, kaa pwani ya mashariki, kwa sababu huku kusini-magharibi ni mvua na mawimbi.

Kama una wiki moja, usiende, nauli itakuuma. Una mwezi? Nenda, zunguka siku chache, kisha panga chumba chenye jiko. Naipa nane kwa kumi. Mbili nimekata kwa ajili ya basi.

Na hiki hapa ndicho nilichorudi nacho, sogeza kamera. Mbuzi ya kisasa: inabana mezani, unazungusha mpini, nazi inakunika yenyewe, vidole salama. Nimempelekea mama Tanga. Kakuna nazi moja, kakamua tui, kaonja, kasema jepesi, karudi kwenye kigoda chake. Hii sasa naitumia mimi.